Sekunde Tisa za Bibi Abwola

Kipande cha sauti kilikuwa cha sekunde tisa. Darlène alikikata mwenyewe Jumatatu, akakipima, akakihifadhi, akaenda kulala. Alhamisi asubuhi alipowasha kompyuta, kilikuwa cha sekunde kumi na moja.

Alikasirika kabla ya kuogopa. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imeshapita mikononi mwa watu wanne, na kila wiki ilimzulia jambo jipya. Akavaa hedifoni asikilize. Sekunde tisa za kwanza zilikuwa zilezile: vibuyu vinatikiswa kwa kasi, na juu yake sauti ya mwanamke mzee inaita neno moja, inalirudia. Kisha vibuyu vikanyamaza, na katika zile sekunde mbili za ziada mtu akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu aliyesimama mlangoni akingoja kukaribishwa. Darlène akazikata zile mbili, akazitupa. Ijumaa kipande kilikuwa cha sekunde kumi na tatu.

Hakuwa mwanamke wa kutishwa na faili. Alitoka Bukavu miaka saba nyuma, na mchana alijalidi tasnifu za wanafunzi katika duka la kuchapisha pale Wandegeya. Saa zilizobaki alikaa chumbani kwake Kyebando akitengeneza tekno, ule muziki wa mashine usio na maneno mengi wala haraka ya kuisha. Kwa miaka mitatu aliomba nafasi kwenye zile sherehe za kujificha, ambazo anwani zake hutumwa kwa simu siku hiyohiyo, na kwa miaka mitatu waandaaji walimpiga danadana. Mara nafasi zimejaa, mara tuma tena, mara muziki wako haujaiva. Mwishowe wakampa Jumamosi saa kumi na moja jioni, saa ambayo jua bado liko juu na wacheza muziki ndio kwanza wanaoga. Akaipokea akiwa ameuma meno, kwa sababu mtu wa tamasha la nje ya nchi angekuwepo kumsikiliza kila msanii.

Hakuwa peke yake. Alicheza na Okeny, kijana wa Kiacholi aliyezaliwa katika kambi ya polisi, mwenye mikono miwili inayopiga ngoma utadhani iko minne. Kile kipande kilitoka kwake. Bibi yake, Abwola, alikuwa mganga kule Kitgum, na mwaka mmoja kabla ya kufa alimruhusu mjukuu amrekodi akifanya kazi yake kwa dakika hamsini na mbili, tangu kumwita pepo hadi kumuaga. Alimwekea sharti moja tu: wakisikilizishwa watu, wasikilizishwe hadi mwisho. Okeny alilifikisha sharti hilo kwa Darlène neno kwa neno. Darlène akaitikia kwa kichwa, jinsi mtu anavyoitikia habari za magoti ya shangazi yake.

Ukimpa mpishi mbuzi mzima, hatachukua kwato moja akaipika mara mia na kuitupa nyama. Mtu wa tekno atafanya hivyo, na watu watalipa kiingilio. Ndiyo kazi yao: unachukua sekunde tisa nzuri, unazizungusha nusu saa. Darlène alichagua zile za mwanzo, za kuita, kwa kuwa ndizo zilizomsisimua. Kompyuta ilikuwa imejaa, kwa hiyo dakika nyingine zote alizifuta. Simu ya Okeny yenye rekodi ya asili ilikuwa imeshanyakuliwa na mwizi aliyepanda pikipiki tangu mwezi wa pili.

Ijumaa hiyo Darlène aliomba ruhusa kazini, na saa sita mchana walikuwa wakifanya mazoezi, umeme ukakatika. Darlène alitukana, akatupa hedifoni kitandani. Taa ya spika ilizimika na sauti ikazimika. Lakini ule utando mweusi wa spika, ule unaotetemeka muziki ukipigwa, uliendelea kuingia na kutoka polepole, kama tumbo la mtu anayepumua, na chumba kikajaa harufu ya mafuta ya shea na ya vumbi lililonyeshewa, ingawa mvua haikuwa imenyesha Kyebando kwa wiki mbili na hakuna jirani aliyekuwa jikoni.

“Darlène,” Okeny akanong'ona. “Mikono yangu imekataa.”

Viganja vyake vilikuwa vikipiga mapaja yake mwenyewe, mwendo uleule wa vibuyu. Alikuwa akivitazama kama vya mtu mwingine. Darlène alimshika mikono akaikandamiza kwa uzito wake wote, na chini ya vidole vyake akausikia mshipa wa kijana ukienda kwa mwendo huohuo, unasimama kidogo pale kipande kinapoishia, kisha unaanza upya. Ilipita mizunguko mingi kabla mikono haijalegea. Mtu akakohoa mlangoni. Darlène alifungua kwa hasira, akakuta ua mtupu na nguo za mpangaji zinakauka.

Okeny alimwomba akitoe kile kipande. Hakugombana, aliomba tu, jasho linamtoka. Darlène naye alihisi machozi ya hasira yakimpanda, maana alijua kwamba kijana anasema kweli na alijua pia kwamba muziki wao bila sauti ile ni kelele ya mashine ya kusaga. Miaka mitatu. Akakumbuka kila ujumbe aliotuma usijibiwe.

“Kesho tu,” akasema. “Tupige kesho, kisha nitakitoa. Nakuapia.”

Okeny akasema kale, yaani sawa. Alikuwa rafiki wa namna hiyo, na ndilo lililomuuma Darlène baadaye kuliko yote.

Anwani ilikuja Jumamosi saa saba: ghala la kahawa lililoachwa, Bugolobi, upande wa viwanda. Kila kitu kilikwenda kombo. Waya mmoja ulikuwa umekatika ndani. Msanii aliyewatangulia alijiongezea dakika arobaini na hakuna aliyemshusha. Bonny, mwandaaji, alipita mara tano akisema sasa hivi, sasa hivi. Langoni, kati ya polisi watatu waliopangiwa ulinzi, alisimama Sajenti Rosalba, mama yake Okeny, kofia imenyooka na uso umefungwa. Alikuwa mtu wa kanisa, ameokoka tangu ujanani, na muziki wa mwanawe alikuwa hajawahi kuusikiliza hata siku moja. Alimwona Okeny akibeba ngoma, akauliza tu kama amekula. Okeny alikuwa hajala tangu juzi. Akasema ndiyo.

Walianza saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Mwanga wa jua ulipenya kwenye matundu ya bati ukakatiza vumbi la kahawa, watu kama arobaini wamesimama kwa uvivu na chupa zao. Darlène akaingiza mdundo, akauacha uwachoshe kidogo, kisha akaifungulia sauti ya Abwola.

Watu waligeuka wote pamoja. Katika dakika tatu ghala lilikuwa limejaa, waliokuwa nje wameingia, na yule mtu wa tamasha akasogea mbele kabisa akiwa amefumba macho. Darlène alifurahi. Tusimsingizie utakatifu, alifurahi mno, na kwa dakika chache hakumtazama Okeny hata kidogo.

Alipotaka kuishusha sauti ya Abwola, kitufe kilishuka lakini sauti haikushuka. Akaizima. Haikuzimika. Na chini ya sauti ya kikongwe, mahali ambapo hapakuwa na kitu kwenye rekodi, sauti ya pili ilikuwa ikisema, nene na ya karibu, lugha asiyoijua lakini hasira aliyoijua vizuri, kwa kuwa ni hasira yake mwenyewe ya miaka mitatu, ya mtu aliyeitwa akaja, akaitwa akaja, akasimamishwa mlangoni, akaitwa tena, na harufu ya mafuta ya shea ikaja nzito hadi akakohoa, na alipogeuka kumwonya Okeny akaona kwamba kijana hapigi tena kwa fimbo bali kwa mikono mitupu juu ya ukingo wa chuma wa ngoma, kucha zimeng'oka, damu inaruka kila pigo, kichwa kimeanguka nyuma, kinywa wazi, na kinywani mwake ndimo ile sauti nene ilimokuwa ikitoka. Watu wakapiga kelele za furaha. Simu mia ziliinuliwa juu.

Darlène alimpungia Bonny akate umeme. Bonny alikimbia nyuma, jenereta ikanyamaza, taa zikafa. Muziki ukaendelea. Wale watu, maskini, wakadhani ni ufundi wa jukwaani, wakashangilia maradufu.

Ndipo Rosalba alipopita katikati yao. Hakukimbia. Alikuwa langoni akasikia sauti ya mama yake aliyemzika mwaka jana, na aliifuata moja kwa moja, kofia mkononi. Alipanda, akamtazama mwanawe, kisha akamgeukia Darlène.

“Hiyo wimbo iko na mwisho,” alisema kwa sauti ya chini. “Mwisho iko wapi?”

“Nilifutaka, mama. Nafasi ilikuwa imeisha.”

Rosalba alifumba macho kidogo. “Mumeambia yeye kuja, kuja, kuja. Wiki muzima. Hakuna mutu ameambia yeye kaa. Hakuna mutu amepatia yeye maji. Hakuna mutu ameambia yeye kwenda. Hata mimi ningekasirika.”

“Anaua Okeny?”

“Anauliza nani alimuita. Okeny ndiye damu ya ule aliita.”

Akapiga magoti kando ya ngoma, akafungua chupa yake ya maji, akamimina kidogo sakafuni. Miaka thelathini alikuwa hajaimba zile nyimbo. Aliziacha siku alipookoka na hata matangani alitoka nje zilipoanza. Sasa aliimba vibaya, kwa sauti iliyokwaruza, akisimama kutafuta neno, akirudi nyuma. Ilikuwa polepole sana. Haikuwa na mdundo wa kuchezwa. Kwanza ilimwambia mgeni akae, kisha ikamsikiliza, na wakati wa kusikiliza Rosalba alinyamaza kimya kabisa huku kinywa cha mwanawe kikinguruma malalamiko yake yote. Darlène alisimama kando, akiwaza kwa aibu kwamba angalau dakika hamsini zile zilikuwa za adabu na yeye aliziona za kujaza nafasi.

Watu walichoka upesi. Simu zikashuka moja moja. Mmoja akapiga mbinja, wengine wakatoka kutafuta bia na chapati za mayai. Mtu wa tamasha alitazama saa, akaondoka. Rosalba alipofika mwisho, kwenye maneno ya kumtoa mgeni mlangoni, walikuwa wamebaki watu sita. Mikono ya Okeny ilipunguza mwendo, ikatulia. Vumbi katika mwanga wa mwisho wa jua lilipasuka njia nyembamba kuelekea langoni, kana kwamba mtu anapita, na harufu ikakatika. Okeny akaangukia kifua cha mama yake akalia kama mtoto.

Jumapili Darlène alikaa na Okeny katika kambi ya polisi, kwenye nyumba ya Rosalba. Kijana alilala, mikono imefungwa bandeji hadi kwenye vifundo. Daktari alisema itapona akiipumzisha, lakini ngoma asiiguse kwa miezi, na akiipiga tena kama jana hatakuwa na cha kuponya. Darlène alikuwa amefuta kila kitu, akaipeleka kompyuta kwa fundi aivunje. Nafasi aliyoililia ilikuwa imepotea, na kwa mara ya kwanza hakujali sana. Rosalba alikuwa kitini, sauti imemkauka kabisa tangu jana, akinywa chai ya tangawizi na kujibu kwa kichwa.

Bonny akapiga simu, furaha inamtoka. Klipu zao zimeenea. Elfu sabini wameshatazama, Nairobi wanauliza, yule mtu wa tamasha anaomba namba.

Darlène alikata simu, akafungua kuangalia. Klipu ya kwanza ilikuwa ya sekunde kumi na tano: vibuyu, sauti ya Abwola, inaita. Ilipofika mwisho ilijianzisha yenyewe. Ya pili vilevile. Ya tatu. Alishuka chini, chini, akitafuta hata moja yenye Rosalba amepiga magoti na chupa ya maji. Hapakuwa nayo. Wakati ule wote walikuwa wameshashusha simu zao.

Akaanza kuwaandikia mmoja mmoja. Tafadhali futa. Nakuomba, futa. Wakamjibu kwa picha za moyo na za moto. Mmoja akamwambia asiwe na haya, kazi ni nzuri. Alitaka kuirusha simu ukutani, lakini aliendelea kuandika, kwa kuwa hakujua la kufanya lingine.

Nyuma ya ukuta mwembamba, jirani aliyekuwa akipiga pasi sare zake akawasha simu apate cha kumliwaza. Vibuyu. Abwola anaita. Kikaisha, kikaanza. Nyumba ya tatu mtu mwingine naye akafungua.

Harufu ya mafuta ya shea iliingia chini ya mlango. Juu ya blanketi, ndani ya bandeji, kidole kimoja cha Okeny kiliinuka, kikashuka, kikainuka tena. Doa jekundu likatokea kwenye kitambaa.

Rosalba aliweka kikombe chini. Alichukua chupa ya maji, akapiga magoti kando ya kitanda, akafungua kinywa kuimba. Hakuna kilichotoka ila pumzi.

Mlangoni mtu akakohoa.