Jiwe la Askari Ledwith

Jumatano jioni jiwe lilikuwapo. Alhamisi saa nne asubuhi halikuwapo.

Waliogundua walikuwa wawili. Wa kwanza ni Nuala Tormey, mwalimu wa shule ya kijiji cha Kilcorran, Ireland, ambaye kila likizo huwatafutia watu wa ng'ambo mababu zao. Wa pili ni mgeni wake, Elena Ledwith, mama wa makamo aliyetoka Argentina akiwa amekumbatia kasha lenye majivu ya baba yake. Mzee huyo aliihama wilaya hii ya Westmeath angali kijana, mwaka 1921, mara baada ya kumzika kaka yake Laurence, askari wa jeshi la Waingereza aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na mapafu yaliyounguzwa na gesi. Hakurudi tena. Alipokuwa anakata roho huko Argentina aliomba jambo moja tu, alazwe kando ya Laurence.

Sasa mahali pa jiwe palikuwa na shimo la udongo mbichi. Vyungu viwili vya maua vilikuwa vimepangwa vizuri pembeni.

"Jana si ulinionyesha picha yake?" Elena aliuliza. "Liko wapi?"

 Nuala alijua shida iliyokuwa mbele. Mwaka uliopita lilifunguliwa kaburi lisilo lenyewe, koo mbili zikataka kutoana macho mbele ya jeneza, na Padri Fintan akapitisha amri: pasipo jiwe, hapachimbwi. Majivu yalikuwa yazikwe Jumamosi. Ndege ya Elena ilikuwa Jumatatu.

Sajini Heffernan wa polisi alifika saa tano, anahema. Mvua ya alfajiri ilikuwa imelainisha ardhi, na alama ya gurudumu la toroli ilionekana wazi. Lakini toroli la nani? Ilikuwa wiki ya kusafisha makaburi. Jumapili padri angepita na maji ya baraka, kila familia imesimama kwenye kaburi lake, kwa hiyo tangu Jumatatu kijiji kizima kilikuwa kinaingia na kutoka na matoroli ya kokoto. Mwizi angeweza kupita na jiwe chini ya gunia akaamkiwa vizuri tu.

Nuala aliifuata ile alama. Ilitoka shimoni, ikapinda kushoto, ikakizunguka kipande cha majani matupu kisicho na jiwe wala msalaba, kisha ikarudi kwenye mstari wake mpaka lango dogo.

"Alikuwa amelewa," Sajini alisema.

"Mlevi hapindi mara moja tu, Sajini. Na hapangi maua."

"Haya, mpelelezi. Nani alijua mnataka kuchimba?"

"Uliza nani hakujua. Jumatatu kamati ya makaburi ilimruhusu Elena apanue kaburi, achukue na hiki kipande kitupu, ili naye siku yake ikifika aletwe hapa. Jioni habari ilikuwa imeshafika baa."

Rose Ennis, mjane mwenye nyumba ya wageni alikofikia Elena, alikuja mbio na sweta mkononi. Alimfunika Elena mabegani, akalia kuliko Elena mwenyewe. "Mungu wangu! Na mimi niko nyumbani naoka mkate, kumbe watu wanafanya mambo haya!"

Mchana Sajini alimwita Donal Keegan, mwenye baa, ambaye baba yake alipigana na Waingereza na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo.

"Donal, Jumanne ulisema nini pale baa?"

"Nilisema taji la mfalme wa Waingereza lililochongwa kwenye jiwe lile halina kazi kwenye makaburi yetu. Narudia. Niandikie na tarehe."

"Na leo alfajiri?"

"Nilikuwa namwogesha mama. Kamuulize, ila upige kelele, hasikii." Alilitazama shimo, akashusha sauti kidogo. "Sikiliza wewe. Mimi nikitaka kung'oa jiwe, nang'oa mchana kweupe, na bendi nakodi."

Akageuka, akakata moja kwa moja juu ya yale majani matupu, akatokea lango dogo. Nuala alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea.

Aliyefuata ni Cathal Ledwith, binamu anayelima shamba la ukoo. Kabla hajaulizwa lolote alikuwa ameshatokwa jasho.

"Shamba ni langu! Baba yangu alilifia!"

"Nani ametaja shamba?" Sajini aliuliza.

"Mnadhani sijui? Watu wa ng'ambo wanakuja na machozi, wanatafuta makaburi, halafu wanatafuta mipaka!"

"Cathal," Elena alisema, kwa lafudhi ya bibi zetu, maana waliohamia Argentina wameitunza kuliko sisi, "ng'ombe wangu hata kijiji hiki chote hakiwatoshi. Shamba lako nilifanyie nini? Niliweke mfukoni?"

Sajini akacheka mpaka kofia ikasogea. Cathal hakucheka. Aliondoka kwa hasira, naye akapita palepale, juu ya majani matupu.

Ijumaa mvua ilipiga tena, ikafuta alama yote. Elena hakuwa amelala. Alikuwa anatembea huku na huku makaburini na kasha lake. "Nimemwahidi, Nuala. Nilimshika mkono nikamwahidi. Nitamrudisha vipi ndani ya begi?"

Nuala naye alikuwa na hofu, na hofu ilimtia ukali. "Sajini, hebu tembea mpaka lango dogo."

"Mimi tena?"

"Tembea tu."

Sajini akatembea. Alizunguka kaburi la kina Daly, akazunguka la kina Casey, kwenye majani matupu akakata katikati.

"Mbona umezunguka kule na hapa hukuzunguka?"

"Kule wamelala watu. Nani anakanyaga maiti? Hapa pana nini?"

"Ndiyo hivyo. Mwenye toroli lile alikuwa na mzigo mzito na haraka, lakini alipazunguka. Anajua pana mtu." Alivuta pumzi. "Sisi tumekalia kuuliza nani analichukia jiwe. Tungeuliza nani anaogopa jembe. Jiwe likipotea, kitu kimoja tu kinasimama: kuchimba."

Padri Fintan alikuwa amefika na mwavuli, akisikiliza. Rose naye alikuja kwa lango kubwa na chupa ya chai na mkate uliofungwa kitambaa. Alimmiminia kila mtu, akamlazimisha Elena ale, akamkemea Sajini kwa kutovaa koti. Mvua ilipoongezeka alimshika Elena mkono. "Twende nyumbani mpenzi, utaugua. Lango dogo ni karibu."

Wakaanza kwenda. Kwenye majani matupu Elena alitaka kunyoosha njia. Rose alimvuta mkono. "Pitia huku," alisema, bila hata kutazama chini.

"Rose," Nuala aliita. "Hapo amelala nani?"

Rose alisimama.  Kisha alirudi, akasimama mbele ya yale majani, mikono ameitanua kidogo, kama anazuia kuku wasiingie ndani.

"Msimtoe," alisema.

"Nani, Rose?" Padri aliuliza.

"Mwanangu. Alizaliwa mwaka 1949, kimya, hajalia hata mara moja. Hakubatizwa. Padri mkuu wa wakati ule akasema wasiobatizwa hawaingii hapa, wapelekwe kule mtaroni, kwenye mpaka wa mashamba. Mume wangu Mick akasema mwanawe hatazikwa kama mbwa. Akamleta peke yake, ndani ya sanduku la chai, akamlaza karibu na huyu askari. Alisema askari naye hakuwa na mke wala mtoto, watakaa pamoja. Akaniapisha nisiseme."

"Lakini Mick alishafariki, Rose," Sajini alisema taratibu. "Kwa nini hukuja kusema?"

"Nimwambie nani? Wewe? Jumatatu nikasikia jembe litapita hapa. Magunia ya chakula cha ng'ombe nimebeba miaka yote, jiwe la kimo cha goti litanishinda? Nilitaka Jumatatu ifike tu, ndege iondoke."

"Hakuna ambaye angemtoa," Padri alisema.

"Ninyi ndio mliomkataa."

Padri Fintan alishusha mwavuli, mvua ikampiga kichwani.

Elena alikuwa ameweka kikombe chini. Uso ulikuwa umemwiva kwa hasira. "Usiku kucha nimelia mezani kwako. Ukanimiminia chai, ukanipapasa mgongo. Ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa najua."

"Baba yangu alisubiri miaka sitini na saba, Rose!"

"Najua," Rose alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamdondoka waziwazi. "Na mimi nimepita hapa kila Jumapili sijaweza hata kusimama."

Walitazamana wanawake hao wawili. Sajini alitoa kalamu, akairudisha mfukoni.

"Jiwe la baba mkubwa liko wapi?" Elena aliuliza mwishowe.

"Kwenye banda la kuni. Nimelifunika blanketi."

"Lirudi leo. Na baba yangu atachimbiwa upande wa pili." Akageuka kwa Sajini. "Mimi sina mashtaka. Mashtaka gani haya?"

Jumamosi majivu yalizikwa, upande wa pili. Elena aliweka kiganja juu ya udongo, akakaa hivyo mpaka akatosheka.

Jumapili saa nane mchana parokia nzima ilikuwa makaburini, kila mtu kwa wake. Rose aliliacha jiwe la Mick, akaja kusimama kwenye majani matupu, Elena kando yake. Minong'ono ilipita. Padri Fintan alipofika hapo alinyunyiza maji, akataja jina ambalo Rose alimnong'oneza.

Ndipo mama mzazi wa Donal Keegan alipoanza kumvuta mwanawe mkono, yeye akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Donal alimsukuma alikoonyesha, mpaka pembe ya ukuta iliyojaa majani ya kuwasha.

"Hapa," mama alisema kwa sauti ya kiziwi, watu wote wakasikia.

"Hapa nani, mama?"

"Dada yako."

Donal, yule Donal mwenye maneno yake yote, alivua kofia. Kule nyuma mwanamke mwingine aliondoka kwenye kaburi la familia yake, akaenda kusimama chini ya mti wa miba. Kisha mwingine. Wanaume walibaki kwenye mawe yao wakiwatazama wake zao wakienda mahali pasipo na kitu.

Nuala, aliyewatafutia watu wa mabara matatu ndugu zao, alihisi mkono wa mama yake ukichomoka taratibu kwapani mwake. Bibi huyo alianza kutembea katikati ya makaburi, akizunguka moja baada ya jingine.

"Mama! Unakwenda wapi?"

Mama yake hakugeuka.

"Njoo," alisema. "Njoo nikuonyeshe."