Mchumba Wangu Hayumo Kwenye Kitabu cha Ubatizo

"Clemence, cheti cha ubatizo kiko wapi?"

Padri alikuwa ameshika kalamu. Fomu yetu ya ndoa ilikuwa mezani, upande wangu umejaa, upande wa Clemence una nafasi moja tupu.

"Baba Paroko, kuna tatizo kidogo. Nimeambiwa kitabu cha mwaka ule kiliungua."

Niligeuka nikamtazama. Mwezi uliopita katekista wa kijijini kwao alikuwa amesafiri. Wiki mbili zilizopita mvua ilikata barabara. Leo kitabu kimeungua.

"Kiliungua lini?" niliuliza.

"Zamani kidogo."

Padri aliweka kalamu chini. "Sikieni. Mtu akifunga ndoa popote, inaandikwa pembeni ya jina lake kwenye kitabu cha parokia aliyobatizwa. Ndiyo maana nataka cheti kipya, kilichoandikwa mwaka huu. Ndivyo ninavyojua kwamba mtu yuko huru. Bila hicho sisomi tangazo la ndoa hata Jumapili moja."

 Baba wa binti yangu Diana alikuwa na mke kijijini Kifaru. Nilijua nikiwa na mimba ya miezi saba, tena aliyeniambia ni mke mwenyewe. Siku ile niliapa kwamba mwanaume hatanidanganya tena.

Nilimsimamisha Clemence kwenye kibaraza cha ofisi.

"Una mke?"

"Vicky!"

"Swali ni fupi. Una mke?"

"Sina. Naapa."

"Mtoto?"

"Sina."

"Basi unaogopa nini kwenye kile kitabu?"

Alitazama viatu vyake, vyeupe kwa vumbi la jasi. Anasimamia upakiaji wa malori kwenye machimbo ya jasi kule Makanya, na kila jioni anarudi Same akiwa kama mtu aliyemwagiwa unga. Miaka minne namjua. Besi ya kwaya yetu. Katibu wa jumuiya yetu. Sala ya Jumamosi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na yeye hufika kabla mwenye nyumba hajatoa viti nje.

"Nipe wiki moja," alisema.

"Nimekupa mwezi. Kesho naomba ruhusa kazini, napanda mlimani mwenyewe."

"Usiende."

"Nipe sababu."

Alishika njia ya kituo cha basi.

Asubuhi, nikiwa kwenye basi la Makanya, simu ilitoa mlio. Ujumbe wa Clemence.

"Vicky naomba ushuke. Nitakueleza Jumapili."

"Nieleze sasa hivi."

"Haya mambo si ya kuandika."

"Basi nitayasoma huko huko yalikoandikwa."

Akapiga. Sikupokea. Makanya nilichukua bodaboda, tukapanda milima mpaka jua kali la chini likageuka ukungu na harufu ya tangawizi mashambani. Kanisa la parokia yao lilikuwa wazi. Katekista, Mzee Aminieli, alikuwa anafagia.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mzee."

"Milele na milele. Marahaba, karibu."

"Nimefuata cheti cha ubatizo. Kwanza niambie, ni kweli vitabu vyenu viliungua?"

"Viungue kwa moto gani? Huku hata kuni hazikauki."

Nilimtajia jina na mwaka, akatoa kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Alipitisha kidole kwenye majina taratibu, mstari kwa mstari.

"Clemence Naftali. Mwaka huo, hakuna. Uliotangulia, hakuna. Unaofuata, hakuna. Binti, Naftali gani huyo? Mimi namjua mmoja tu, marehemu, alikuwa mzee wa kanisa."

"Ndiye huyo."

"Mzee wa kanisa la Usharika, mama. Walutheri. Nyumba ile pale ya bati jekundu. Mtoto wa Naftali kubatizwa hapa?" Alicheka mpaka akashika meza. "Mzee Naftali angenifuata na jembe."

Sikucheka. Nilishuka njia ya migomba hadi kwenye bati jekundu. Mama mmoja mnene, kanga kiunoni, alikuwa anakoroga sufuria ya makande.

"Bwana Yesu asifiwe!" alinisalimu.

"Amina. Shikamoo mama. Naitwa Victoria, natoka Same. Ni mchumba wa Clemence."

"Clemence ni nani?"

"Mwanao. Yule wa Makanya, wa jasi."

"Wa Makanya ni Eliaichi." Aliweka mwiko chini. "Ngoja. Wewe ndiye Victoria? Yule wa kwaya?"

"Ndiyo."

"Jamani, karibu mwanangu! Eliaichi aliniambia amepata mchumba, Mlutheri safi, anaimba kwaya ya Usharika wa Same mjini!"

Nilikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mama, mimi ni Mkatoliki. Toka kuzaliwa. Na mwanao tumemjua miaka minne kama Mkatoliki mwenzetu. Anatuongozea rozari."

"Anaongoza nini?"

"Rozari."

Mama alitazama sufuria, akatazama mlima, akanitazama mimi.

"Mwanangu, tumedanganywa wote wawili."

"Mama, niambie kitu kimoja tu na usinifiche. Ana mke?"

"Mke! Ana miaka thelathini na nane, nimemwombea mke mpaka magoti yameota sugu. Kula kwanza."

Alinipakulia sahani. Nilipiga simu nikaweka spika. Ilipokelewa kabla ya mlio wa pili.

"Vicky, uko wapi?"

"Niko kwenu nakula makande, Eliaichi."

Nyuma yake nilisikia lori linarudi kinyumenyume.

"Mama yupo?" aliuliza hatimaye, sauti ndogo.

"Nipo!" mama alijibu. "Nataka nisikie hiyo rozari."

"Shikamoo mama."

"Usinipe shikamoo. Jieleze kwa mwenzio."

Akajieleza. Nampa haki yake, hakuzunguka.

"Jumapili ya kwanza Same nilipita nje ya kanisa nikakusikia unaimba. Nikaingia. Mwalimu wa kwaya akaniuliza jina na jumuiya. Niliona Eliaichi litanitaja Ulutheri, nikataja jina la msimamizi wangu wa kazi, Clemence. Nilidhani ni la siku moja. Halafu Vicky, wiki ileile uliwaambia wenzako mbele yangu kwamba mwanaume asiyepokea Komunyo pamoja na wewe asikupigie simu. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nililisema kwa sauti ili nisisumbuliwe.

"Na huku juu baba alishasema mtoto atakayeoa nje ya Usharika asikanyage nyumbani. Nikajikuta niko katikati."

"Baba yako alikufa miaka mitatu iliyopita," mama alisema. "Mimi ungeniuliza."

"Niliogopa."

"Sasa unisikilize," nilisema. "Kwamba wewe ni Mlutheri, hilo halijaniuma hata kidogo. Kilichoniuma ni kwamba jana niliuliza kama una mke, ukaona hofu yangu, ukaniacha nilale nayo. Na umepanga foleni ya Ekaristi miaka minne ukiwa na jina la mtu mwingine. Jumamosi jumuiya ni kwa Mama Kurwa. Utasimama useme mwenyewe. Wote wasikie."

"Nikisema, utaolewa na mimi?"

"Sijui. Usiposema, hapana. Hilo nalijua."

Nikakata. Mama akaniongezea makande.

"Huyu mwanangu alihitaji mtu kama wewe miaka kumi iliyopita," alisema. "Lakini ungekuwa Mlutheri ningefurahi zaidi, sikufichi."

"Na mimi ningefurahi zaidi mwanao angekuwa Clemence, mama. Ndiyo tulivyo."

Jumamosi viti vya Mama Kurwa vilikuwa nje mapema, na Eliaichi hakuwepo. Tulisali. Tukasoma Injili ya Jumapili. Mama Kurwa, mwenyekiti wetu, alianza kutafuta katibu wake.

"Clemence leo kapatwa na nini? Nani atasoma mahudhurio?"

Nilijiambia basi, Vicky, imekwisha. Niliuma meno nisilie mbele za watu.

Kisha geti likagongwa. Aliingia amevaa suti ya kijivu iliyombana mabega, jasho linamtoka. Hakukaa.

"Tumsifu Yesu Kristo. Naomba kusema kabla sijaishiwa nguvu. Mimi siitwi Clemence. Naitwa Eliaichi Naftali. Nimebatizwa KKKT, nimepata kipaimara KKKT, sijawahi kuwa Mkatoliki. Niliwadanganya. Victoria hakujua, amejua juzi. Naomba msamaha."

Mama Kurwa aliifunga Biblia yake.

"Katibu wetu ni Mlutheri?" Mama Kurwa alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo maana!" Beatha wa sauti ya kwanza aliruka. "Ndiyo maana anataka tuimbe beti zote saba kama huko kwao! Nilijiuliza huyu mtu katokea wapi!"

Watu wakaangua kicheko. Lakini Sadock, mzee wa rambirambi na mambo mazito, alisimama na hakuwa anacheka.

"Msicheke. Mwanangu mimi hapokei Komunyo kwa sababu anaishi na mwenzake bila kufunga ndoa. Kila Jumapili anabaki kwenye benchi peke yake, watu wanampita. Na wewe ulikuwa unampita vilevile, ukienda kupokea. Unajua hilo?"

Kicheko kilikatika. Eliaichi aliinamisha kichwa.

"Sasa najua, mzee."

"Basi na wewe kaa kwenye benchi."

"Nitakaa."

Mama Kurwa alinyoosha mkono. "Lete daftari la mahudhurio. Ukatibu umekwisha. Barua ya jumuiya kwa ajili ya ndoa yenu siwezi kuisaini leo, na usiniombe kesho."

Alikabidhi daftari kwa mikono miwili. Kisha akachukua kiti cha mwisho, akakaa mpaka sala ya kufunga. Hakukimbia. Hilo nililiandika moyoni, ingawa sikumwambia.

Jumatatu tulienda kwa Padri. Alisikiliza yote, akavua miwani, akafuta macho.

"Eliaichi, ubatizo wenu tunautambua. Ungeniambia siku ya kwanza, ningeomba ruhusa kwa Askofu, mkafunga ndoa wewe ukiwa Mlutheri wako na Victoria Mkatoliki wake. Miaka minne umebeba mzigo ambao hakuna aliyekutwika."

Nilitaka kumpiga Eliaichi kwa fomu ya ndoa.

"Ruhusa hiyo naweza kuiomba hata leo," Padri aliendelea.

"Hapana, Baba," Eliaichi alisema. "Nataka kujifunza na kupokelewa."

"Usigeuke kwa ajili yangu," nilimkatiza. "Sijakuahidi kitu."

"Najua hujaniahidi. Miaka minne nimesali na watu hawa kila wiki. Nimezika nao, nimevuna nao. Uongo ulikuwa jina, Vicky. Sala zilikuwa zangu."

"Mafundisho ni Jumamosi saa nne," Padri alisema. "Darasa la watu wazima halina mtu mwaka huu. Utakaa na watoto wa Kipaimara."

"Nitakaa, Baba."

Na akakaa. Miezi minane. Kila Jumamosi, mwanaume wa futi sita, magoti yamegusa kidevu kwenye benchi la watoto, daftari la mistari mapajani. Diana wangu, miaka kumi na miwili, alikuwa darasa hilohilo.

"Mama, leo Anko Eliaichi kakosa swali la mapaji saba ya Roho Mtakatifu. Kataja sita."

"Lipi kasahau?"

"La nguvu, yaani ushujaa. Watoto wote walicheka."

"Akafanyaje?"

"Akaliandika mara kumi. Hakuna aliyemwambia aandike."

Jumapili alibaki kwenye benchi wakati sote tunapanga foleni. Mara ya kwanza watu waligeuza shingo. Mwezi wa tatu niliona mtoto wa Mzee Sadock amehamia benchi lake, wamekaa wawili. Mzee mwenyewe alikuwa anapita kwenye foleni, na safari hii alimgusa Eliaichi begani.

Hakunisumbua kwa simu. Ujumbe mmoja tu kila Ijumaa: "Wiki hii sijasema uongo wowote. E." Mara moja uliongezeka: "Nilimwambia bosi naumwa kumbe nilichoka. Nimerudi kumwambia ukweli. Kanikata mshahara wa siku." Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akaniuliza kuna nini.

Mama yake alikuwa ananipigia zaidi yake.

"Mwanangu, bado hujamsamehe?"

"Nimemsamehe zamani, mama. Sasa natazama kama naweza kuishi naye."

"Tazama, tazama vizuri. Mimi baba yake sikumtazama, nikaja kukuta anakoroma."

Jumapili ya kupokelewa ilifika. Mama alishuka kutoka mlimani na wanawake watatu wa Usharika, wote kanga mpya, wakakaa mstari wa tatu katika kanisa ambalo hawakuwahi kuingia. Wimbo wa mwanzo ulipoishia ubeti wa pili nilimsikia akinong'ona, "Beti nyingine mmeziacha wapi?"

Padri aliita, "Eliaichi Naftali." Alitoka mlangoni alikokuwa akisubiri, akaja mbele na suti ileile ya kijivu. Akakiri imani yake kwa sauti ya besi iliyotikisa madirisha. Padri akampaka mafuta. Foleni ya Komunyo ilipoanza, yeye alitangulia. Nilimwona akipokea. Beatha pembeni yangu alikuwa analia waziwazi, yeye aliyemcheka zaidi ya wote.

Alipogeuka, alikwama. Benchi la watoto lilikuwa limejaa. Lile alilozoea kukaa na mtoto wa Sadock lilikuwa limekaliwa na wanawake wa mlimani. Alisimama katikati ya kanisa, mikono ameikunja kifuani, hajui aende wapi.

Nilimtazama. Nilijiuliza kwa mara ya mwisho, na jibu lilikuwa lilelile nililokuwa nalo tangu siku alipotoa daftari kwa mikono miwili.

"Diana, sogea."

"Nisogee wapi, mama?"

"Huko. Mpishe Anko wako apite."

Diana akasogea, akicheka chini kwa chini. Eliaichi akaja, akapiga magoti kati yetu. Nilisikia pumzi yake.

"Vicky," alinong'ona, "hii maana yake ni ndiyo?"

"Sali kwanza. Kesho saa tatu asubuhi tuko ofisini kwa Padri, Jumapili nataka nisikie tangazo letu."