Baba Zena Apeleka Jogoo Chuoni

Zena alirudi kutoka ofisi ya kata akitabasamu. Mama yake alishangaa. Tangu binti huyo amalize darasa la saba alikuwa nyumbani tu. Aliokota korosho, alimenya mihogo, alishuka bondeni kuteka maji. Kutabasamu hakukuwa kazi yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeokota nini njiani?"

"Nimechaguliwa, baba. Nitasoma uashi, chuo cha ufundi kule Masasi. Serikali inalipa. Natakiwa kufika Jumatatu. Nisipofika, nafasi atapewa mwingine."

Baba yake, Abdulazizi, aliweka panga chini.

"Nani analipa?"

"Serikali."

"Basi huendi."

Hapa Mkunya, mtoto akiingia unyagoni, mzazi humpa kungwi kuku, unga na kanga. Abdulazizi aliamini kwamba anayetoa vitu hivyo ndiye mwenye sauti juu ya mtoto. Na kwake yeye, chuo kilikuwa unyago mwingine. Mtoto anatoka nyumbani, anakaa ndani, anafundishwa, anarudi mtu mzima.

"Akilipa Serikali," alisema, "Serikali ndiyo itakayomwoza."

Jirani yao Swalehe alikuwa akipita. Alisimama hapo hapo.

"Kweli kabisa! Na mahari utamdai nani? Utapiga hodi kwa waziri?"

"Swalehe, nenda kwako," alisema Mwanasha, mama Zena. "Mkeo anakutafuta."

"Hanitafuti."

"Basi kamtafute wewe."

Zena aliinamisha kichwa. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba, twende wote. Ukaulize mwenyewe."

Abdulazizi alifikiri mpaka jua likazama. Mwisho akasema, "Tutakwenda. Lakini nitalipa mimi."

Jumatatu walishuka kwenye lori Masasi. Mwanasha alikuwa na unga wa muhogo kichwani. Abdulazizi alikumbatia jogoo mwekundu. Zena alitembea nyuma yao, kama mtu asiyewajua.

Uani chuoni, wanafunzi walikuwa wakilainisha sakafu mpya ya saruji. Mwanamke mmoja mwenye ovaroli alikuwa akiwaelekeza.

"Wewe ndiye kungwi wa hapa?" aliuliza Abdulazizi.

"Shikamoo, baba. Mimi ni Ethel, mwalimu wa uashi."

"Marahaba. Basi ni wewe. Pokea."

Hapo Mwanasha akapiga vigelegele. Jogoo alishtuka. Aliruka kutoka mikononi mwa Abdulazizi, akatua katikati ya sakafu mbichi.

"Kamata!" alipiga kelele Abdulazizi, naye akaingia na viatu vyake vya matairi.

"Baba Zena, toka huko!"

"Nitatokaje bila kuku?"

Wanafunzi walicheka hadi miko ya kulainishia ikawaponyoka mikononi. Jogoo alipokamatwa, sakafu ilikuwa kama shamba lililolimwa jana.

Zena alitamani ardhi immeze. Nafasi imekwenda, aliwaza. Aliokota mwiko, akapiga magoti, akaanza kulainisha. Mwalimu Ethel alimtazama kidogo, kisha akamgeuza mkono.

"Shika hivi. Usikandamize. Vizuri, endelea." Akamgeukia baba. "Na huyo jogoo rudi naye nyumbani. Nafasi hapa hainunuliwi. Mtu yeyote akikuomba chochote ili mwanao apate nafasi, kamripoti."

"Lakini sitaki mwanangu awe wa Serikali."

"Baba, korosho zako ukiuza, hukatwi ushuru?"

"Nakatwa! Kila msimu! Siku hizi wanunuzi ni wengi, lakini ushuru haujapungua hata siku moja."

"Ushuru ule unakwenda halmashauri. Halmashauri yenu ndiyo iliyomlipia Zena ada. Mishahara yetu na vifaa hivi vinatoka kwenye kodi. Ukinunua sabuni, ukinunua sukari, ndani ya bei mna kodi. Waajiri wakubwa nao hutoa mchango wa mafunzo. Sasa niambie, nani analipa?"

Abdulazizi alimtazama mkewe. Alimtazama jogoo.

"Mimi?"

"Wewe, mama, na majirani zenu wote. Mmeshalipa. Lililobaki ni godoro, sare, na mchango wa chakula. Huo unalipwa ofisini, na lazima mpewe stakabadhi. Akimaliza, cheti ni chake. Anarudi kwenu, hadaiwi kitu."

"Na kuolewa?"

"Hilo malizaneni wenyewe. Mimi nafundisha matofali."

Mwanasha alicheka mpaka unga ukamwagika. Abdulazizi yeye alikuwa ameanza kunyooka mgongo. Alizunguka uani, mikono nyuma. Aligonga ukuta. Alifumba jicho moja, akatazama nguzo.

"Mwalimu, nguzo hii imepinda. Nani ameijenga kwa ushuru wangu?"

"Hiyo ni ya mazoezi, baba. Kesho inabomolewa."

"Ibomolewe. Nimeruhusu."

Zena alibaki chuoni. Alijifunza kupima, kujenga na kupiga plasta. Alipomaliza, alianza na nyumbani. Alichimba kisima cha maji ya mvua kando ya nyumba, akakijenga kwa saruji, akaweka mfereji chini ya bati. Mvua za kwanza zilikijaza, na Mwanasha akaacha kushuka bondeni.

Habari zikaenea. Watu wa Makote walimwita Zena awajengee visima, na wakamlipa. Baba yake alimfuata kila mahali, ingawa hakuna aliyemwita. Siku moja alisimama ukingoni mwa kisima cha Mzee Gervas, akiwahutubia wazazi waliokuja kutazama.

"Msiwaweke watoto nyumbani. Nendeni ofisi ya kata, ulizeni nafasi zinatoka lini. Wasichana pia wanachukuliwa! Msiogope, chuo ni chenu. Mimi nilikikagua mwenyewe, na nikawaambia wazi wazi, nguzo ile..."

"Baba," ilisikika sauti ya Zena kutoka ndani ya kisima. Haikuwa ndogo tena. "Sogea. Unanizibia mwanga."

Abdulazizi akasogea.