Mkono wa Baba Mdogo

"Nyundo, hapa Patasi. Gari umelizuia?"

"Lipo," Ermelinda Brusasco alijibu kwenye redio. "Forodha wamelipekua mara mbili. Hakuna kitu."

"Mhandisi Prandi yumo humo. Majasusi wa nje wamemteka, wanamvusha kwenda Uswisi. Hewa itamwishia. Harakisha."

Harakisha! Kazi hii ilikuwa imemla ujana, sasa ilikuwa inamla magoti. Bastola yake, Beretta, ilimlemea kiunoni.

Mbele yake, kwenye mpaka wa Ponte Chiasso, lilisimama gari la rangi ya fedha. Bodi yake ya alumini ilifuliwa kwa nyundo, kwa mkono, huko Torino na ndugu wawili: upande wa kushoto baba yake, wa kulia baba yake mdogo, Delmo. Baba alikuwa amefariki. Gari kama hilo hakuna ofisa aliyethubutu kulikata.

Dereva alikuwa Delmo mwenyewe.

"Mwanangu, umekonda. Serikali haikulishi?"

"Inanilisha maneno tu, baba mdogo. Huu upande wa kushoto uliugusa?"

"Niguse kazi ya marehemu? Nina wazimu?"

Ermelinda alivaa glavu ya pamba, akafumba macho, akapitisha kiganja kwenye bati.

Mlangoni ulikuwepo mkono wa baba yake: mawimbi mafupi ya nyundo, yaliyobembelezwa. Juu ya tairi la nyuma yakawa marefu, ya mtu mwenye pupa. Aliyafahamu. Mwenye mkono huo ndiye aliyemfundisha kushika nyundo. Aliomba awe amekosea.

"Hapa umefua wewe."

"Umechoka, mwanangu. Kalale."

"Nimechoka kweli. Fungua."

Delmo akatazama pembeni. Ermelinda akachukua mkasi wa bati na nyundo, akaikita ncha ya mkasi kwenye madigadi, juu ya tairi hilo. Roho ilimuuma.

"Usitoboe hapo!" Delmo alipiga kelele. "Kichwa chake kiko hapo!"

Maofisa wote wakageuka.

Delmo akaingiza mkono chini ya gari, akavuta kitasa. Prandi akatolewa, midomo ya bluu, lakini anapumua.

"Walionituma waliahidi karakana yetu haitafungwa," Delmo alinong'ona. "Nani siku hizi anataka bodi ya mkono?"

Ermelinda akainua redio.

"Patasi, tumempata. Yu hai."

"Na dereva?"

Aliwatazama maofisa waliokuwa wakitoa pingu.

"Msizikaze sana," aliwaambia. "Hiyo mikono ni ya fundi."

Akaondoka kwa miguu. Angegeuka, angelia.