Kucha za Bosi

Fundi viatu akiona soli tu, anakuambia unavyotembea. "Wewe mguu wa kushoto unauonea," humwambia mteja, na mteja hubaki mdomo wazi. Kazi yake aliifanyia barazani. Zamani mbwa wake, Bosi, alilala hapo miguuni pake. Siku hizi alilala chini ya ngazi za baraza, na Fundi alimwita mvivu.

Asubuhi moja binti yake mdogo alimkumbatia Bosi kiunoni, kama alivyozoea. Bosi akageuka kwa ukali. Meno yakagonga hewani, karibu kabisa na uso wa mtoto.

Nyundo ilimponyoka Fundi. Bosi huyu? Aliyekua na mtoto huyu?

"Kaharibika!" mkewe alipiga kelele. "Leo leo aondoke!"

"Ataondoka," Fundi alijibu. Akachukua kamba.

Jirani yao, daktari wa mifugo, alikuwa amefuata viatu vyake. Alipoambiwa, aliuliza, "Asubuhi anaamkaje?"

"Kwa shida. Amekakamaa, ila akitembea kidogo analainika."

"Ngazi anapanda?"

"Hataki. Yuko chini tu, anajilamba goti."

Mama yake Fundi, aliyekuwa ameketi barazani, akadakia, "Basi na mimi nifungeni kamba! Nikiguswa goti si huwa nafoka?"

Daktari aliuinua taratibu mguu wa nyuma wa Bosi. "Tazama kucha, fundi. Za miguu mingine zimelika. Za huu ni ndefu. Haukanyagii sawasawa."

Fundi aliinama akazitazama. Mtaa mzima aliusoma soli, mbwa wake mwenyewe hakumwona!

"Lakini hajalia hata siku moja!"

"Wengi hawalii. Nadhani ni baridi yabisi, ugonjwa wa viungo. Mlete kliniki nimpime. Na usimpe dawa zako za maumivu, zinaweza kumuua."

"Masikini!" mke alishika kichwa. "Na sisi kila siku tunamsukuma kwa mguu ainuke!"

Daktari alikuwa sahihi. Ugonjwa ule hauponi kabisa, lakini dawa aliyompa ilipunguza maumivu. Bosi alipunguziwa chakula, maana alikuwa mzito. Alitembezwa kidogo kidogo kila siku, akatandikiwa godoro. Fundi aliweka ubao juu ya ngazi, akaugongomelea mpira wa soli ili Bosi asiteleze.

Siku moja Fundi alisikia kucha zikikwaruza ubao. Bosi alipanda mwenyewe. Mtoto, aliyeketi barazani, aliweka mikono nyuma, kama alivyofundishwa, akasubiri. Bosi akamlalia mapajani.