Sifuri Tano

Siku ya soko pale Mweso, mtu mwenye akili zake hapiti karibu na maegesho ya pikipiki akiwa amevaa vizuri. Athanasie alipita. Alikuwa na kikwembe cha rangi ya machungwa, kilemba cha kitambaa hicho hicho, na viatu vyeupe, eti vyeupe, katika matope ya Mweso! Motari mmoja akatia gia, gurudumu likazunguka pale pale, na tope likamrukia kuanzia magotini mpaka kwenye kilemba.

Motari akatoroka. Aliyebaki mbele yake ni kijana mrefu kwenye kibanda cha mbao, ameshika vijiko viwili vya chai na kujing'ata midomo.

"Unanicheka?" Athanasie akamuuliza.

"Hapana, dada. Niko nakunywa chai."

"Chai iko wapi? Miye naona bijiko tu."

"Hii bijiko haikunywake chai. Njo ya kutoa mushale mu konteri. Kuya nikupe mayi unawe, utanitukana kisha."

Akanawa, akamtukana kidogo, akacheka. Ndivyo walivyojuana. Kijana aliitwa Evode, mtu wa Karuba, na kazi yake ilikuwa moja tu: konteri, yaani ile saa ya pikipiki inayoonyesha mwendo na kuhesabu kilomita. Hakugusa konteri za plastiki za siku hizi. Alifufua zile za bati na kioo za pikipiki kuukuu walizoacha mapadri na wenye mashamba, ambazo matajiri wa Goma sasa wanazing'arisha na kuzitembeza Jumapili baada ya misa. Alifungua pete ya bati polepole isipasuke, akainua mshale kwa vijiko viwili, akapaka tarakimu rangi upya kwa brashi ya nywele chache za mkia wa ng'ombe. Na alikuwa na desturi ambayo wateja waliipenda kuliko yote. Konteri ikitoka mikononi mwake, ilitoka na sifuri tano, kana kwamba pikipiki haijawahi kukanyaga barabara.

Soko lililofuata Athanasie alirudi na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitambaa. Ilikuwa konteri. Kioo kilikuwa kimevunjika, na ndani tope lilikuwa limekauka likawa gumu kama chungu.

"Ya nani?"

"Ya Papa. Moto, ile pikipiki yake, iko nyumbani. Uisafishe vizuri, nataka kuiona."

Hapo ndipo angesema neno moja zaidi. Hakulisema, na mimi simlaumu sana, maana ni nani anayemfungulia kijana wa sokoni siri za baba yake?

Siri yenyewe ni hii. Papa Sébastien alikuwa akinunua jibini vilimani na kuipeleka Walikale kwa pikipiki, kwa njia ya Pinga. Kila alipoondoka, bintiye alimsomea tarakimu za konteri. Aliporudi, bintiye alizisoma tena, akatoa zile za kwanza, na hivyo ndivyo alivyojifunza hesabu. Halafu siku moja baba na mama wakagombana vibaya kuhusu mwanamke wa Walikale. Baba akafunga mzigo, Athanasie akasoma tarakimu huku analia, na baba hakuonekana tena. Baada ya mvua nyingi pikipiki ikapatikana kwenye korongo karibu na Kalembe, si mbali na nyumbani. Yeye mwenyewe hakupatikana. Majirani walisema aliitupa akaenda zake kwa yule mwanamke, na mama alikufa akiamini hivyo. Athanasie hakutaka kuamini. Kama konteri ilikuwa imesogea kidogo tu, basi majirani walisema kweli. Kama ilikuwa imesogea sana, baba alifika Walikale, akageuza, na lililompata lilimpata akiwa anarudi kwao.

Evode hakujua lolote la haya. Alijua tu kwamba amependa.

"Allo, Atha. Umekula?"

"Nimekula. Na weye?"

"Miye nangoja sauti yako, njo inanishibishaka."

"Ona huyu! Utakonda. Konteri yangu imefika wapi?"

"Unapenda konteri kunipita miye."

"Konteri haidanganyake."

"Na miye?"

"Weye tutaona."

Siku Evode alipoifungua konteri, Athanasie alikuwa ameahidi kupita. Evode aliyaloweka yale magurudumu madogo ya tarakimu katika mafuta ya taa, tope likaanza kulegea. Namba ilikuwa pale, inatokea chini ya kidole chake, na macho ya bwana fundi yalikuwa barabarani yanatafuta kikwembe cha rangi ya machungwa. Alipokiona, moyo ukamruka. Mikono ikaendelea na kazi iliyoizoea, ikazungusha magurudumu mpaka sifuri, yote matano, bila yeye kuangalia hata mara moja.

Alimkabidhi kazi ikiwa imekwisha, kioo kipya, mshale mwekundu, weupe wa tarakimu kama maziwa. Athanasie akaisogeza karibu na macho.

"Namba iko wapi?"

"Namba gani, cheri? Nimeirudisha mupya. Sifuri tano. Ile njo mwanzo yetu, miye na weye."

"Evode. Namba ya Papa iko wapi?"

Akamwambia yote, kwa kelele, mpaka wauza maharage wakageuka. "Alitoka na moja, nane, tatu, ine, sifuri! Miye mwenyewe nilimusomea! Nilitaka kujua tu kama alirudi ao hakurudi. Ile tu!"

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nikuambie nini? Papa yangu alikuwa na bibi ingine Walikale? Nikuambie ile na matope ku kichwa?"

Akaondoka na konteri yake. Simu za Evode hakuzipokea tena, ujumbe hakuujibu, na sokoni akawa anapitia upande wa kanisa. Evode akakonda kweli. Kila usiku alijaribu kukumbuka alichokuwa nacho chini ya kidole, na kila mara aliona kikwembe tu. Majuto yalimla. Mwishowe akafanya jambo ambalo mtu anayependa hulifanya akijiona mwema. Alimuuliza motari mmoja, Patient, kilomita za kwenda Walikale na kurudi. Akazijumlisha na namba aliyoitaja Athanasie, akapunguza kipande cha Kalembe hadi Mweso, kisha akaomba simu ya Patient.

"Atha, usikate, nakuomba. Nimekumbuka namba."

Akaisoma tarakimu moja moja. Upande wa pili kikasikika kilio cha mtu aliyetua mzigo.

"Alikuwa anarudi," Athanasie akasema.

"Alikuwa anarudi, cheri."

Kesho yake, Jumapili, Evode alialikwa nyumbani kwa Athanasie. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Athanasie alikuwa amefua kile kikwembe cha machungwa, na mezani kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, ndizi na jibini. Evode aliifunga konteri kwenye pikipiki ya Papa Sébastien, ambayo fundi wa mtaani alikuwa ameshaitengeneza, mashine ikawaka, wakashangilia wote wawili uani.

"Nitume bakubwa ba kwetu bakuye na posa kwa baba yako mudogo?"

"Eh, unaniuliza na mikono ya mafuta?"

"Nioshe kwanza?"

"Hapana. Batume tu."

Akarudi kwake anapiga mluzi njia nzima. Furaha ya Athanasie nayo ilikuwa kubwa, kubwa hata akataka kuigusa tena. Basi akafanya alichofundishwa na baba yake. Akaketi, akachukua namba ya mwisho, akatoa namba ya kwanza.

Asubuhi yake alifika kibandani amepanda pikipiki ile, amevaa koti kuukuu la baba yake. Hakuzima mashine.

"Patient, ule mwenye simu, njo alikupa kilomita?"

Evode akaweka vijiko chini.

"Bamotari ba leo banazunguka na Masisi, sababu njia ya Pinga haipitike muzuri. Ile ya Masisi iko murefu sana. Papa alikuwa anapita Pinga, na kilomita za Pinga nazijua kichwa toka utoto. Sasa sikia namba yako inasema nini. Inasema Papa alitoka Walikale, akafika hapa Mweso, akapita mbele ya mulango yetu. Mama iko ndani. Miye niko ndani. Akapita tu. Kisha akageuka, akaenda kutupa moto Kalembe."

"Atha, ile haiko kweli. Nilitunga. Nilitaka tu upate kulala."

"Nililala, kaka. Usiku moja. Kutojua nilikuwa nimezoea. Leo nikifunga macho namuona anapita."

Lile neno "kaka" lilimchoma kuliko mengine yote.

"Nisamehe," akasema.

"Ile ya sifuri nilikusamehe. Mikono yako ilizoea vile. Lakini hii, uliketi ukaihesabu."

"Unaenda wapi?"

"Kalembe. Nataka kuona ile fasi moto ilipatikana, kisha nitarudi kwetu. Bakubwa ba kwenu basikuye."

Kwa mazoea ya kazi, macho ya Evode yakashuka kwenye konteri, kuangalia kama imeshaanza kuhesabu. Athanasie akaona. Akaweka kiganja juu ya kioo.

"Hii haiko yako kuangalia."

Akatia gia, akaingia barabara ya Kalembe, na tope likamrukia Evode mpaka kwenye shati lile jeupe, ambalo alikuwa hajalivua tangu jana.

Mchana simu ikaita. Akaikamata kwa mikono miwili, lakini alikuwa mteja wa Goma, anauliza kama konteri ya pikipiki yake imekwisha.

"Bado, Papa," Evode akasema. "Iko na namba ndani. Unaitaka ao hauitake?"

"Namba gani tena? Si unawekaka sifuri?"

"Nauliza tu, Papa. Fikiri kwanza, nitangoja."