Miche Kumi Bila Kovu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Oliva alimwagilia miche ya parachichi ya Bibi Walburga, kando ya barabara ya Matogoro mjini Songea. Bibi aliibebesha mwenyewe. Alikata kichwa cha mche ulioota kwenye kokwa, akapachika kijiti cha mti unaozaa vizuri, kisha akafunga kiungo kwa utepe wa nailoni. Mche uliobebeshwa hubaki mfupi, lakini huzaa mwaka wa tatu.

Ng'ambo ya barabara, Polikarp aliuza miche iliyoota kwenye kokwa tu. Aliizungushia nailoni, akadai imebebeshwa. Kwa kuwa ilikuwa mirefu, wateja walijaa kwake, na tayari alikuwa amenunua pikipiki. Miche ya Bibi ilizidi kuzeeka. Mvua zikipita haijauzwa, kazi ya mwaka mzima ingetupwa.

"Bibi, wewe ndiye unayesali," Oliva alisema. "Mbona anayebarikiwa ni Polikarp?"

"Pikipiki iliyomwangusha mara mbili ndiyo baraka?" Bibi alicheka. "Mwagilia, mama. Jua linapanda."

Oliva hakucheka. Jioni alichukua miche kumi mirefu ambayo Bibi hakuwa ameibebesha, akaifunga nailoni na kuipanga mbele.

Jumamosi alikuja Mzee Jumanne, mkulima wa Tunduru.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nipe hii mirefu. Mwaka wa nne huu napalilia miche ya yule wa ng'ambo, sijaona hata ua. Nimeambiwa bibi yako hadanganyi."

Bibi, aliyekuwa akijaza udongo kwenye viriba vya kuoteshea miche, aliinua uso akatabasamu. Tabasamu lile lilimchoma Oliva.

"Babu, hiyo usichukue," alisema kwa sauti ndogo. "Haijabebeshwa. Nailoni nimefunga mimi. Bibi hajui."

Mzee Jumanne alifungua utepe mmoja. Shina lilikuwa laini, halina kovu la kiungo. Akamgeukia Oliva.

"Yenye kovu iko wapi?"

Oliva alimletea ile mifupi. Mzee alipapasa kovu la kila mche kwa kidole gumba.

"Nitachukua hii yote. Kondakta wa basi la Tunduru leo atanikoma kwa mzigo huu. Na wiki ijayo nitakuja na jirani zangu."

Alipoondoka, Oliva alilia. Bibi alimfuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Ulikosea, lakini umesema kweli ilipokuwa ngumu. Polikarp bado ana pikipiki yake. Usimwonee wivu, wala usimwombee aanguke tena. Mti wa uongo huchukua miaka kusema, lakini husema. Sisi tutende mema, mengine tumwachie Mungu. Yeye hachelewi, ila hana pupa kama sisi."

Kisha akamkabidhi kisu chake kidogo.

"Haya, lete ile miche yako kumi. Leo utajifunza kuibebesha."